Baraza ya Nyumbani: Macho Yaliyoona Mauaji



Mwezi huu tulikuwa tumeahidi kuendelea na maneno yetu juu ya haki za jirani. Lakini limetokea jambo nyumbani kwa jirani mwenyewe, hapa kwetu Nyegezi, nalo limetupasa tuliweke mbele, kwa kuwa twadhani halikutokea katika nyumba ile moja tu. Tumeomba ruhusa ya wenyewe kulieleza, nao wametupa kwa sharti tusitaje majina.

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha alipiga hodi mama mmoja, akaketi na mke wangu barazani, kisha akaomba na mimi niitwe. Shida yake ilikuwa ni mwanawe wa miaka 14, mtoto wa adabu ambaye hakosi madrasa. Alisema kwamba kwa muda wa siku kumi mtoto huyo hali samaki, na usiku hataki taa izimwe. Sisi tukaao kando ya Ziwa, jirani na chuo cha uvuvi, kitoweo chetu ni sato, sangara na dagaa. Mtoto wa Nyegezi kukataa samaki ni kama mtoto wa Tanga kukataa nazi. Mama alimpeleka zahanati akidhani ni tumbo, hapakuonekana ugonjwa. Hatimaye mdogo wake ndiye aliyetoboa siri, ya kwamba siku za likizo alikwenda na wenzake katika banda la video karibu na stendi, wakatazama sinema ihusuyo mauaji ya Rwanda.

"Lakini mwalimu," akasema yule mama, "lililonitia hofu zaidi si mtoto, ni babu yake. Nilipolitaja jina la Rwanda mbele yake, aliweka kijiko chini, akatoka nje, akakaa gizani mpaka usiku mkubwa. Na mpaka leo hajasema neno."

Siku ya pili nilikwenda. Nikaanza na mtoto, nikampeleka pembeni chini ya mwembe. Alinyamaza sana, kisha akaniambia maneno ambayo sikuyatazamia. Alisema kwamba sinema ile ilikuwa imetiwa maneno ya Kiswahili na mtu wa kuchekesha, kama ilivyo desturi ya mabanda hayo. Walipofika mahali panapoonyeshwa miili ya watu ikielea mtoni, mtu yule akatia mzaha, na banda zima likacheka. "Na mimi nikacheka nao, mwalimu. Ndani nilikuwa nalia, nje nacheka. Nikarudi nyumbani nikakuta mama amepika sato. Nikajiuliza, mto ule waenda wapi? Nikafungua ramani ya shule. Mto ule ni Kagera, na Kagera yaingia katika Ziwa letu."

Ndugu msomaji, mtoto yule hakuwa mgonjwa wa tumbo. Alikuwa na mizigo miwili: mmoja wa hofu na mmoja wa haya. Na mtu mzima aketiye naye sahani moja, babu yake, alikuwa na mzigo wake pia, kama tutakavyoona.

Yafaa kwanza tueleze yaliyotokea, kwa sababu kijana aliyeona picha bila ya kuijua habari hubaki na hofu tupu, wala hapati mazingatio. Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyomchukua Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda pamoja na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, wakitoka katika mkutano Dar es Salaam, ilitunguliwa ilipokuwa ikikaribia Kigali. Tangu siku iliyofuata, kwa muda wa siku kama 100, waliuawa watu ambao Umoja wa Mataifa huwakadiria kuwa 800,000 au zaidi, na hesabu ya serikali ya Rwanda yenyewe hupita 1,000,000. Wengi wao walikuwa Watutsi, na pamoja nao Wahutu waliokataa kushiriki katika dhulma ile. Wala haikuwa ghadhabu ya siku moja. Tangu miaka ya 1930 Wabelgiji waliwapa watu vitambulisho vyenye kuandikwa kabila. Baadaye likaja gazeti la Kangura, na katika mwaka 1993 ikaanza redio ya RTLM, ambazo ziliwazoeza watu kuwaita jirani zao mende. Ulimi ulitangulia, panga likafuata.

Miili mingi ilitupwa katika mito. Maji ya Nyabarongo hungia Kagera, na Kagera hushuka katika maporomoko ya Rusumo, hupita mpakani mwetu, kisha huingia Ziwa Viktoria upande wa Uganda. Katika Kasensero, Lambu na Ggolo, pwani ya Uganda, wamezikwa watu zaidi ya 10,000 waliookotwa majini, na makaburi yao yatunzwa mpaka leo. Upande wetu, mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa kama saa 24 tu, wasio na hatia na wenye damu mikononi wakiwa pamoja. Na kesi za wakubwa wa mauaji zilisikilizwa Arusha, katika mahakama iliyoundwa na Umoja wa Mataifa Novemba 1994 na kufunga kazi mwishoni mwa 2015. Hukumu yake ya kwanza, iliyotolewa Septemba 1998 juu ya Jean-Paul Akayesu, ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Kwa hivyo mtoto yule hakukosea ramani. Habari ile si ya mbali. Imepita mlangoni petu.

Sasa tumrudie mzee. Nilimkuta akishona wavu. Baada ya salamu, na baada ya kukaa kimya kiasi cha kumaliza kikombe cha kahawa, nikamwambia khabari ya mjukuu wake na ile ramani. Akauweka wavu. Akasema kwamba katika mwaka 1994 alikuwa ameweka kambi na wavuvi wenzake ng'ambo, pwani ya magharibi, upande wa Uganda. "Mwezi wa Mei tukaanza kuwaona. Siku ya kwanza tulidhani ni magogo. Wengine walikuwa wamefungwa mikono nyuma. Palikuwa na mama amefungwa pamoja na mtoto wake. Samaki hapana aliyenunua tena. Tukawa tunavuta watu badala ya nyavu, tunachimba, tunafukia. Nilirudi Mwanza, bibi yenu akaniuliza, nikamwambia biashara ilikuwa mbaya. Amekufa hajui."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia. Akajibu: "Ningemwambia nini? Na liko jambo moja linaniuma kuliko yote. Niliwafukia watu wale kama mbegu. Sikuwaosha, sikuwakafini, sikuwasalia. Sikujua nani Muislamu, nani si Muislamu. Nikasema moyoni, siku ya Kiyama watanikamata nguo."

Wasomaji wapenzi, katika nyumba moja mjukuu alikuwa na haya kwa sababu alicheka, na babu alikuwa na hofu kwa sababu hakusali, na kila mmoja alimdhania mwenziwe kuwa hajui lolote. Sinema ndiyo iliyofungua mlango. Swali letu ni hili: je, tuufunge mlango huo, au tujifunze namna ya kuupita?

Wako wasemao, na nia yao ni njema, kwamba Muislamu asitazame kabisa picha za namna hii. Na wako wasemao kwamba kila mtu ni wajibu wake atazame, na asiyetazama ni mwoga. Sisi twaona yafaa tuangalie mambo matatu katika mwenendo wa Mtume wetu (s.a.w.), ambayo maulamaa wa hadithi na sira wametusimulia.

La kwanza ni khabari ya Hijr, nchi waliyoangamizwa Thamud. Jeshi lilipopita huko katika safari ya Tabuk, mwaka wa 9 wa Hijra, Mtume aliwakataza masahaba wasiingie katika maskani ya watu wale isipokuwa wawe wanalia. Naye mwenyewe akajifunika kichwa, akaharakisha mwendo mpaka akalivuka bonde. Ni kweli kwamba wale walikuwa wenye kuadhibiwa, na waliouawa Rwanda walikuwa wenye kudhulumiwa, hatuwafananishi. Lakini adabu ya mtazamaji ni moja. Mahali pa maangamizi hapaendewi kwa matembezi. Ukiingia, ingia na moyo uliolainika. Na ukiisha pata mazingatio, toka, usipige kambi. Basi lile banda lililocheka lilikosa adabu hii, na yule anayerudia kutazama mara tano mahali palepale pa kuchinjwa watu amekosa adabu ya pili.

La pili ni khabari ya Safiyya binti Abdulmuttalib. Siku ya Uhud ndugu yake Hamza aliuawa, na mwili wake ukakatwakatwa. Safiyya akaja kumtazama. Mtume akamwagiza Zubeir, mwana wa bibi huyo, amrudishe mama yake asiyaone yale. Walakini Safiyya alipojibu kwamba ameisha pata khabari ya jambo lililotendeka, na kwamba atasubiri kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, Mtume akaruhusu aachiwe njia. Akaenda, akamtazama ndugu yake, akamwombea, akatamka maneno ya kurejea kwa Mola. Angalieni vyema: hakukatazwa kwa kuwa ni mwanamke, wala hakusukumwa aone kwa kuwa ni shujaa. Alizuiwa mpaka ilipodhihiri kwamba anajua anachokwenda kukiona na amejiandaa kukipokea. Hiki ndicho kipimo cha mzazi. Usiulize tu, "Mtoto ana miaka mingapi?" Uliza pia, "Je, anaijua khabari hii? Amejiandaa? Yuko nani pamoja naye?"

La tatu ni khabari ya Wahshi, yule aliyemuua Hamza. Baadaye alisilimu, na Mtume akaupokea Uislamu wake. Lakini alimwomba kwamba, akiweza, asimwonyeshe uso wake. Subhanallah! Kiumbe bora kuliko wote, mwenye subira kuliko wote, alisamehe, na juu ya hayo akakiri kwamba jicho lina mpaka wake. Basi kijana asiyeweza kutazama na agawe uso wake bila ya haya. Na mzee aliyenusurika, au aliyeokota maiti, akitoka chumbani picha zinapoanza, asiitwe mwoga. Kugeuza uso si kusahau.

Sinema zenyewe nazo hazilingani. Ile ya Hotel Rwanda ya mwaka 2004, iliyo mashuhuri kuliko nyingine, ilipigwa sehemu kubwa Afrika Kusini, na wapo walionusurika katika hoteli ile waliosema hadharani kwamba haikueleza mambo kama yalivyokuwa. Sometimes in April ya Raoul Peck, ya mwaka 2005, ilipigwa Rwanda kwenyewe, na yagusa pia kesi za Arusha. Shooting Dogs ya mwaka huohuo ilipigwa katika shule ileile ya Kigali waliyoachwa maelfu wauawe, na miongoni mwa waliofanya kazi ya kuitengeneza walikuwamo walionusurika. Twayataja haya ili kijana ajue kwamba sinema ni kisa kilichopangwa na watu: wachezaji huinuka wakajipangusa rangi nyekundu. Kujua hivyo hupunguza hofu ya usiku. Lakini ajue pia kwamba nyuma ya kisa kuna watu wa kweli ambao hawakuinuka, na kujua hivyo huondoa mzaha.

Iko na sinema nyingine inayopasa kutajwa katika gazeti la nyumba za Kiislamu, nayo ni Kinyarwanda ya Alrick Brown, ya mwaka 2011. Yatokana na khabari za watu waliokimbilia msikiti mkubwa wa Kigali wakapata hifadhi, Watutsi na Wahutu, Waislamu na wasio Waislamu. Wengi wa Waislamu wa kwanza wa Rwanda walikuwa ni watu wa pwani na wa Tanganyika waliofuatana na Wajerumani kama wafanya biashara na askari, na katika mitaa ya Nyamirambo Kiswahili chasikika hata leo. Katika siku zile za 1994 nyumba nyingi za Waislamu zilificha jirani zao, na hili limeshuhudiwa na watu wa dini nyingine.

Lakini tusijisifu tukapita mpaka. Mwenye lile gazeti la Kangura, Hassan Ngeze, ambaye mwaka 1990 alichapisha zile amri kumi za chuki, alikuwa ni mtu wa jina la Kiislamu na wa nyumba ya Kiislamu. Mahakama ya Arusha ilimhukumu Desemba 2003 kifungo cha maisha, na rufaa ya 2007 ikafanya miaka 35. Kwa hivyo jina halimwokoi mtu. Katika mji mmoja, mwenye kusali mmoja alifungua mlango wake, na mwingine alifungua kalamu yake. Mtoto akituuliza, "Sisi tungekuwa upande gani?" tusimjibu upesi. Tumwambie ajiulize kila siku, maana jibu hutengenezwa kabla ya siku ile kufika.

Hapana budi tuseme pia juu ya picha zinazorushwa katika simu. Mwaka 1966 Wataliani wawili, Jacopetti na Prosperi, walitoa sinema iitwayo Africa Addio, ambayo ndani yake mna picha zilizopigwa kutoka angani za watu waliouawa Unguja, Januari 1964. Sinema ile ililaumiwa sana kwa kuwadharau Waafrika. Hata hivyo vipande vyake vya Unguja hukatwa na kurushwa katika makundi ya jamaa, tangu Zanzibar mpaka Maskati, mara nyingi pamoja na maneno ya kuchemsha damu. Kuna ambao katika picha zile yawezekana yumo baba yao au mjomba wao. Wana haki ya kujua na kulia. Lakini kumrushia mtoto wa jamaa picha kama hizo saa nne ya usiku, bila ya salamu wala maelezo, si kumfundisha tarehe. Ni kumtia kidonda usichokusudia kukifunga. Picha ya maiti ni amana. Jiulize kabla ya kuirusha: je, ningependa mwili wa mama yangu uoneshwe hivi?

Sasa tuandike nasaha chache kwa wazee na vijana.

Kwanza, mzazi na aitazame sinema mwenyewe kabla ya kuiruhusu nyumbani. Watoto wadogo wasiitazame kabisa. Wasimuliwe habari kwa maneno ya kadiri yao. Kijana mkubwa aelezwe mapema kitakachoonekana, tena aambiwe wazi kwamba ana ruhusa ya kuondoka wakati wowote, na hapana atakayemcheka.

Pili, isitazamwe usiku wala peke yake. Wakati mzuri ni mchana, baada ya Adhuhuri kwa mfano, ili iwepo saa ya mazungumzo, na kazi za mikono, na sala ya Alasiri, kabla ya kulala. Akisikia moyo wamwenda mbio, asimamishe picha, atazame vitu vilivyo chumbani, anywe maji, atawadhe. Maji baridi usoni humrejesha mtu mahali alipo.

Tatu, baada ya kutazama pawe na maneno. Msiulize, "Umeogopa?" kwa kuwa kijana atakataa. Ulizeni, "Ni mahali gani palipokukaa moyoni?" Kisha msikilizeni, hata jibu likiwa ni la kushangaza, kama lile la kicheko. Maana kicheko mbele ya jambo la kutisha mara nyingi si ukatili. Ni nafsi iliyokosa pa kukimbilia, tena iko katikati ya kundi. Ajute ikiwa anaona amekosa, amwombe Mola msamaha, lakini asijihesabu kuwa ni mwana wa wauaji.

Nne, usiku asome Ikhlas, Falaq na Nas, apulize katika viganja, ajipanguse mwili kama alivyofanya Mtume. Akiota ndoto mbaya, sunna ni kujikinga kwa Mwenyezi Mungu, kugeuka ubavu, wala asiitangaze ndoto hiyo. Lakini tusichanganye mambo: kutokuitangaza ndoto si kuificha hofu ya mchana. Picha ikimrudia akiwa macho, amwambie mzazi wake. Mtume Yaaqub (a.s.) alimlilia Yusuf mpaka macho yakaingia weupe, na Qur'ani haikumlaumu, humsimulia kuwa alimshitakia Mola huzuni yake. Huzuni yenye kusemwa ni nyepesi kuliko iliyomezwa.

Tano, ikiwa wiki zimepita na mtoto bado halali, hali chakula, amejitenga na wenziwe au ameanza kukojoa kitandani, apelekwe hospitali. Sisi wa Mwanza tunayo Bugando, na waganga wa maradhi ya nafsi wapo. Kwenda huko si upungufu wa imani, kama ambavyo kufunga mguu uliovunjika si upungufu wa imani. Wanyarwanda wenyewe wana neno lao, ihahamuka, kwa hali imshikayo mtu wakati wa kumbukumbu za kila Aprili, ikamrudisha katika siku zile. Nao huwaweka watu maalumu viwanjani wa kuwashika wenzao, kuwanywesha maji na kuwatoa pembeni kwa upole. Ikiwa wao waliopatwa hawaoni haya kusaidiwa, sisi tunaona haya ya nini?

Sita, na ndiyo iliyo kubwa, machozi yazae kazi. Mwanzo wa mauaji yale ulikuwa ni kuwapa watu jina la mdudu. Basi tuchunguze maneno ya mezani petu. Ni mara ngapi tumemcheka mtu kwa kabila lake, kwa lafudhi yake, kwa dini yake, kwa ngozi yake, na watoto wakisikia? Surat Hujurat imetukataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Nyumba iliyomlilia mtu wa Kigali kisha ikamtukana jirani wa Nyegezi haijatazama kitu.

Natumalize kwa khabari ya wenyewe. Nilimchukua mzee kwa imamu wetu, tukamweleza lile jambo la sala. Imamu akatueleza kwamba maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafi'i walikwisha lizungumza tangu zamani: maiti za Waislamu zikichanganyika na za wengine pasiwe na njia ya kupambanua, husaliwa kwa nia ya waliomo Waislamu. Na kwa lile asiloliweza mtu, akiwa peke yake na jembe ufukoni, Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu kuliko uwezo wake. Na mlango wa dua haujafungwa. Kisha akamkumbusha kwamba Mtume alisimama lilipopitishwa jeneza, na alipoambiwa ni la Myahudi, aliwauliza kama hiyo si nafsi. "Basi wewe mzee wangu," akasema imamu, "uliisitiri nafsi iliyotupwa na watu wake. Kuwastiri wale lilikuwa ni jambo la kheri, wala usilihesabu kuwa ni kosa." Mzee alilia kwa sauti, na katika miaka yote niliyomjua sikupata kumwona akilia.

Jioni ile alimwita mjukuu wake, wakakaa juu ya jiwe moja wakilielekea Ziwa. Sikuyasikia yote waliyosema. Mama wa mtoto aliniambia kwamba mzee alimsimulia, bila ya kutia yale mabaya zaidi, na mtoto akamwambia khabari ya kicheko chake, na mzee akamjibu: "Hata sisi kambini palikuwa na siku tulicheka, mjukuu wangu. Kisha tulirudi tukachimba."

Ijumaa iliyofuata walisimama bega kwa bega msikitini, na baada ya sala wakakaa nyuma kwa muda, mikono yao imeinuliwa. Kijana sasa hulala na taa imezimwa. Samaki bado hali. Mama yake hamlazimishi. Humpikia maharage, na babu yake hula maharage pamoja naye.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliodhulumiwa, awape subira waliosalia, na azihifadhi ndimi zetu na nchi zetu. Amin. Mwezi ujao, inshallah, tutarudia haki za jirani, ingawa twadhani leo pia hatukuondoka mbali nazo.

Wabillahi tawfiq.